Klara Nyamizi na Madirisha ya Wodi ya Kifua

Alizaliwa Samuye, Shinyanga Vijijini, tarehe 11 Agosti 2000, siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Klara, na padre aliyembatiza hakuona sababu ya kuhangaika kutafuta jina jingine. Nyamizi alilirithi kwa bibi yake mzaa baba. Baba yake, Mabula, alilima pamba na dengu na alikuwa na ng'ombe wachache. Mama yake, Asteria, alikuwa mwanajumuiya asiyekosa sala za Alhamisi. Nimeanza na kuzaliwa kwa sababu ndivyo maisha ya watu wa Mungu yanavyosimuliwa, ingawa moyo wangu ulitaka kuanzia mwisho na kugombana na watu. Kanisa halijamtangaza Klara kuwa mtakatifu, na mimi sina mamlaka hayo. Ninamwita hivyo kama waamini wanavyomwita wakizungumza wenyewe kwa wenyewe baada ya Misa. Lakini yamesemwa mengi juu yake, mengine uongo mtupu, na wanaoyasema kwa sauti kubwa ni wale wale waliokuwa wakipishana naye njiani huku wameziba pua. Acha basi niyaseme yalivyokuwa.

Kila kiangazi, pamba ikishavunwa, Mabula alikwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, kama walivyofanya wanaume wengi wa upande ule. Alishuka kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia, na siku nyingine alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambako vumbi humfunika mtu hata kope zikawa nyeupe. Mwaka 2011 alirudi nyumbani na kikohozi. Majirani walisema amerogwa na wenzake wa shimoni, akapelekwa kwa mganga, kisha kwa mwingine, hata nguvu zilipomwishia ndipo Asteria akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe akampeleka kwenye zahanati. Klara alikwenda nao. Pale alikuwapo binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, aliyetumwa kujifunza kazi. Binti yule aliposikia kikohozi alirudi nyuma mpaka ukutani, akaurusha mfuko wa dawa juu ya benchi kutoka pale alipokuwa, ukadondoka chini, na Mabula akainama kuuokota mwenyewe huku akihema. Njiani kurudi, mgonjwa alimwambia mkewe maneno ambayo Klara hakuyasahau: "Hata ng'ombe mgonjwa hushikwa, Asteria. Mimi sikushikwa."

Mabula alifariki mwanzoni mwa 2012. Asteria amenisimulia kwamba binti yake hakulia sana msibani, ila tangu siku ile ukimuuliza atakuwa nani alijibu bila kufikiri kwamba atakuwa nesi wa watu wa kifua. Watu wazima walicheka. Mtoto wa kike wa Samuye akitaka unesi hutaka kuzalisha akina mama, au kukaa dirishani mjini amevaa nyeupe, akiitwa dada na kuletewa soda. Wa kifua! Lakini yeye alishikilia lilo hilo. Alisoma kwa shida, akifunga ndama asubuhi kabla ya shule, na Oktoba 2020 akaingia chuo kimoja cha uuguzi katika mkoa huu. Sitakitaja, kwa kuwa sitaki mtu wa chuo kingine aseme, alhamdulillahi, si sisi.

Hospitali ya chuo hicho ilikuwa na wodi ya kifua, jengo la zamani lenye madirisha ya mbao, lililosimama peke yake kando ya njia ya kwenda bwalo la chakula. Humo walilazwa wachimbaji waliotoka Nyarugusu na mashimo mengine ya Geita, na wake zao, na wakulima wa huku kwetu. Darasani wanafunzi walifundishwa vizuri. Waliulizwa kwenye mtihani kifua kikuu kinaeneaje, wakajibu sawasawa: kwa hewa, pale mgonjwa anapokohoa. Waliulizwa kinaenea kwa vyombo vya chakula, wakajibu hapana. Waliulizwa kinga yake ni nini, wakaandika: barakoa, dawa, na madirisha yaachwe wazi, hewa ipite. Walifaulu karibu wote. Kisha mchana wakaenda kula, na kwa kuwa njia ya bwalo ilipita chini ya madirisha yale, walimwomba mlinzi ayapigilie misumari kwa nje, hewa ya wagonjwa isiwafuate mezani. Mlinzi akapigilia. Aibu iliyoje! Watu walioandika kwa mkono wao wenyewe kwamba dirisha wazi ni dawa, wakaifungia sumu ndani pamoja na wagonjwa, na pamoja na yeyote ambaye angejaliwa roho ya kuingia kuwahudumia.

Kuhusu kuingia kwenyewe, wanafunzi walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna mkufunzi aliyeufundisha na hakuna aliyeukataza. Sahani za wagonjwa zilitengwa na kuwekwa alama ya rangi nyekundu. Chakula kiliwekwa kizingitini, mlango ukagongwa kwa teke, na aliyekileta akaondoka mbio. Dawa vilevile. Sheria ni kwamba mhudumu asimame amwone mgonjwa akimeza vidonge vyake, kila siku, miezi yote, maana akiruka ruka dawa ugonjwa hujifunza kuishinda. Wao walisimama uani na kupaza sauti: "Mmemeza?" Wa ndani wakaitikia kwamba wamemeza, na kazi ikawa imekwisha. Waliofanya hivi hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wanakwaya, walikuwa viongozi wa vijana, wengine walitoka familia za makatekista. Nalisema hilo ili msomaji asijifariji.

Klara alipangwa wodi hiyo katika mwaka wake wa kwanza. Alivaa barakoa nzito kama inavyotakiwa, akasukuma mlango, akaingia hadi katikati, na kwa kuwa wengi mle walikuwa na umri wa baba zake, akapiga goti kidogo kama tulivyolelewa na kuwaamkia shikamoo. Hakuna aliyejibu. Masalu, mchimbaji wa Nyarugusu aliyekuwa amelazwa kwa mara ya pili, ameniambia kwamba walinyamaza kwa kuwa hawakujua anasalimiwa nani. Baadaye mzee mmoja ndiye aliyesema marahaba. Klara alipotandika kitanda cha Masalu alikuta vidonge vingi vimefichwa chini ya godoro. Akamuuliza kwa nini. Masalu, mtu mwenye ulimi mkali, akamjibu kwamba yeye si kuku wa kurushiwa punje. Klara hakumhubiria. Alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda, akamimina maji, akasema hatoki mpaka amwone akimeza, na kwamba kesho atakuja tena na keshokutwa, na asipomeza watazeeka hapo wote wawili. Masalu alimeza. Anasema alimeza kwa hasira, lakini alimeza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na Klara hakuwauliza. Aliona kwamba vidonge vile viliwachoma matumboni kwa njaa, na kwamba njaa yenyewe ilitokana na huzuni, kwa sababu kwetu Usukumani mtu hali peke yake. Ugali huliwa katika sahani moja na wenzako, na anayejitenga na chakula chake hushukiwa uchawi. Hawa kila mmoja alipewa kisahani chake chenye alama nyekundu, ale amegeukia ukuta. Basi wale waliokwisha tumia dawa vya kutosha hata madaktari wakasema hawaambukizi tena, Klara aliwatoa nje upenuni, penye upepo, akaweka ugali na mlenda katikati, akanawa mikono akala nao. Watu waliokuwa wakienda bwalo waliona. Kwa kumwona tu akila, wengine walitema mate.

Kisha akaomba nyundo kwa fundi wa hospitali, akang'oa misumari, akafungua madirisha. Hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa Fredy, kijana mpole wa maneno, mwenye kipaji cha kuongoza sala. Fredy aliitisha mkutano, akasema dada Klara ana moyo mzuri lakini moyo mzuri usituue wote. Madirisha yakapigiliwa tena. Klara akayang'oa. Yakapigiliwa. Bwenini, Zipora, aliyelala kitanda cha jirani na kwao ni jirani vilevile, alihamisha godoro lake, na ndoo ya Klara ya kuogea ikawekwa nje peke yake. Wakampa jina, Mama Makohozi, wakaliimba kwa sauti ya wimbo wa matoleo. Mkufunzi mmoja alimwita akamshauri, kwa upole tu, afanye kazi kama wenzake wanavyofanya, asiwaoneshe wenzake kuwa wabaya. Klara hakuwa mtu wa maneno mengi. Zipora mwenyewe ndiye aliyenisimulia kile alichowajibu mkutanoni, mara ile ya pekee aliposimama: "Mkifunga madirisha hamjamfungia mgonjwa peke yake. Mimi nitaingia tu, na mnanifungia na mimi." Walimpigia makofi ya kejeli. Hakuna aliyekwenda kufungua.

Namkumbuka kwa jambo moja alilolitaka kuliko mengine yote, na asiyelielewa hili hatayaelewa yaliyofuata. Klara hakutamani kuitwa mwema. Alitaka siku atakapomaliza chuo na kuondoka, pawepo mtu mwingine wa kuingia mle ndani. Hilo tu. Masalu alipopona akarudi Nyarugusu katikati ya 2022, watu walimpongeza Klara, naye akasema amepona mmoja lakini mlango bado hauna mtu. Mwishoni mwa mwaka huo Mungu akamjalia: wasichana watatu wa mwaka wa kwanza, waliopewa wodi ile wakilia, walimwona anavyoingia wakamfuata. Mwanzoni walisimama nyuma yake wameshika sketi yake kama vifaranga. Kufikia Februari walikuwa wanaingia wenyewe, wanaketi, wanaona vidonge vikimezwa. Asteria anasema binti yake alimpigia simu usiku wa siku ya kwanza walipoingia bila yeye, akiwa na furaha ambayo hajawahi kumsikia nayo.

Mwezi Machi 2023 Klara alianza kukohoa. Alijua ni nini; nani angejua kuliko yeye? Alijua pia kwamba akienda kupima, jioni yake chuo kizima kitasema: si tulisema? Fedha na dhahabu zisingeweza kuwapa wale waoga ushindi mkubwa kuliko huo, na wasichana wale watatu wangekimbia wasirudi. Kwa hiyo alificha. Hakuivua barakoa hata kwa dakika mbele ya watu. Alisema joto limemzidi bwenini, akahamishia godoro lake kwenye baraza la nyuma, ili asimwambukize yeyote, akalala huko hata mvua za masika zilipopiga. Alikula mwisho, peke yake, yeye aliyewafundisha wengine kula pamoja. Aliendelea hivyo hadi Juni, akingoja wasichana wale wamalize zamu yao na mioyo yao ipate mizizi.

Wapo wanaolisifu tendo hili mimbarini. Mimi silisifu, na naomba mtakatifu mwenyewe anisamehe. Mficha maradhi kilio humuumbua. Daktari aliyemtibu aliniambia bila kuzunguka kwamba angekuja Machi angekuwa hai leo. Klara alikosea, na lilikuwa kosa la mtu wa kwetu hasa, anayeogopa kumpa mbaya wake neno la kusema kuliko anavyoogopa kufa. Lakini kabla hujamlaumu, jiulize nani aliyelitengeneza neno lile likamkaba. Mwanafunzi wa uuguzi anayeumwa ndani ya hospitali, amezungukwa na wauguzi, akaona salama yake ni kujificha barazani! Hilo sijui tutalijibuje mbele ya Mungu.

Siku moja ya Juni, akipita bwaloni kabla wenzake hawajamaliza kula, alikohoa damu, wote wakaona. Walitawanyika mpaka mabenchi yakapinduka. Vipimo vilionyesha kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na Klara akalazwa katika wodi ile ile, kitanda cha karibu na dirisha. Fredy alisema sala ndefu kwa ajili yake kwenye ibada ya jioni, na baada ya Amina akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba tulisema. Kesho yake madirisha aliyokuwa akiyafungua yalipigiliwa misumari tena. Wasichana watatu hawakuingia tena. Mmoja wao alihama chuo. Yale yote aliyojificha ili yasitokee yalitokea kwa asubuhi moja. Sahani yenye rangi nyekundu ikawekwa kizingitini, mlango ukapigwa teke, na sauti ya mtu aliyesoma naye darasa moja ikauliza kutoka uani: "Klara, umemeza?"

Waliomuuguza ni wagonjwa. Wanawake wa wodi walimwogesha na kumgeuza, na walipokosa nguvu walipokezana. Habari zilimfikia Masalu shimoni Nyarugusu, akapanda basi akaja, akavaa barakoa, akavuta kigoda kile kile akaketi. Alimwambia maneno yake mwenyewe, kwamba hatoki mpaka amwone akimeza, na Klara akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Masalu aling'oa misumari kwa mikono na kipande cha nondo, na hakuna aliyethubutu kuipigilia tena yeye akiwa pale. Dawa mpya zilikuja na alizimeza zote. Ila mapafu yalikuwa yamekwisha. Alhamisi moja ya Septemba 2023, padre alipomletea Komunyo na mafuta matakatifu, Klara aliomba Masalu abaki asikie, akasema hivi: "Waambie sikuugua kwa sababu niliingia. Niliugua kwa sababu walifunga." Hakusema kwa chuki. Mimi ndiye ninayeyaandika kwa uchungu. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Asteria alifika kutoka Samuye saa nne asubuhi. Akakuta mwili wa binti yake umelala haujaoshwa, na uani wamesimama wanafunzi wengi katika sare safi, wameshikana mikono, wanaimba wimbo wa kuaga kwa sauti nne. Alingoja wamalize ubeti. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu ambacho hukitumia kwa wageni: "Hapa si chuo cha wauguzi? Wauguzi wako wapi?" Wanawake watatu wa wodi, wembamba, wakiwa bado kwenye dawa, walitoka wakamshika mkono wakaingia naye, na hao ndio waliomwosha Klara Nyamizi, wakamvika, wakamchana nywele. Alizikwa Samuye kando ya baba yake. Wanafunzi walikuja na mabasi mawili, wakalia sana, na Fredy alisoma wasifu wa marehemu.

Sasa kuhusu maajabu, maana najua kuna waliosoma mpaka hapa wakiyangojea. Inasemwa kwamba udongo wa kaburi lake unaponya kifua. Watu huja kutoka Geita na hata Kahama, wanauchota, wanaukoroga na maji, wanakunywa. Kuna mchimbaji mmoja aliyeacha vidonge vyake mwaka jana akategemea udongo huo, naye tumemzika kabla ya Pasaka. Yeye aliyekaa kigodani kumwona kila mtu akimeza dawa, leo watu wanaacha dawa kwa jina lake! Enyi waamini, mwacheni alale. Ajabu ninayoweza kuishuhudia ni Masalu. Yupo hai, ana pikipiki, na kila anaposikia mtu anakohoa kwenye duara humpakia akampeleka hospitali, na humfuatilia mpaka amalize dawa. Anatukana sana wakati wa kufanya hivyo. Wengi wamepona mikononi mwake, na anayetaka kumwiga Klara aanze kwa kumwiga huyo.

Mwaka 2024 chuo kilimaliza kujenga bweni jipya la wasichana, na wakuu wakataka kuliita kwa jina la Klara Nyamizi. Walikwenda Samuye na gari, na soda, na kitenge, kumwomba mama ridhaa, nami nilikuwa miongoni mwa waliosindikiza. Asteria aliwapokea vizuri, akawapa viti, akachinja kuku. Zipora alikuwapo pia, ameshahitimu, ameajiriwa, alilia alipoiona picha ya mwenzake ukutani. Mama alisikiliza hotuba hadi mwisho. Kisha akasema jina la mwanawe hana haja ya kulibana, atalitoa. Wakashukuru. Akawaambia wasubiri, hajamaliza.

"Mmoja wenu atakapougua tena, akalazwa mle," alisema, "na mwenzake akaingia bila kutumwa, akakaa naye, basi njooni mniambie. Hata usiku njooni. Siku hiyo mchukue jina."

Wakuu walisema wameelewa, wakala kuku, wakaondoka. Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, au ni nesi, au ni Mkristo tu mwenye jirani anayekohoa, mfano uliopewa si mgumu kuuelewa: vaa barakoa, fungua dirisha, ingia, kaa. Tangu safari ile wanafunzi wawili wa chuo kile wamelazwa katika wodi ya kifua. Juma lililopita nilikwenda Samuye kumjulia hali Asteria, nikamkuta shambani anapalilia pamba. Nilimuuliza kama kuna mtu wa chuo aliyekuja. Akaniambia hajaona mtu, akanipa jembe nimsaidie mstari mmoja.